Mbunge ametuangusha, anayetaka kumng'oa anatisha zaidi: kura ya 2027 itumike vipi?

Mwenyeji_wa_Wadi

Wadau, hamjambo. Hili ni swali kuhusu hali iliyopo Kenya katika maeneobunge mengi. Mbunge aliyeingia 2022 kwa ahadi ya kufagia uchafu amebadilika. Orodha ya basari haibandikwi tena ukutani, ofisi ya eneobunge hufunguliwa apendapo, na bungeni hupiga kura jinsi chama kinavyomwamuru. Wapigakura wamemchoka. Lakini anayejipanga kumng'oa ni mbunge wa zamani, ambaye wakati wake uwanja wa shule uliandikiwa hatimiliki ya mtu binafsi na mikutano ya wapinzani ikivunjwa na vijana wa kukodiwa.

Wazee wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, basi aliyepo abaki. Vijana wengi wanasema hawatatoka siku hiyo, au watatoka na kuharibu karatasi.

Naomba kujua: je, kuna njia ya kisheria ya kumtoa kabla ya uchaguzi? Kura iliyoharibika inamuumiza nani hasa? Na mgombea wa tatu ni njia ya kutokea, au ni daraja la yule anayeogopwa? Tafadhali nipeni sheria na hesabu, siasa za mirengo zikae kando.

Kifungu_104

Naanza na la kumtoa mapema, kwa sababu ndilo linalowapotezea watu muda mwingi.

Kifungu cha 104 cha Katiba kinawapa wapigakura haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muda wake kuisha, na kinaliachia Bunge litunge sheria ya utaratibu. Bunge lilitunga, katika Sheria ya Uchaguzi ya 2011, vifungu 45 hadi 48, lakini likaweka vizingiti juu ya vizingiti. Ombi halikuweza kuanza kabla ya miezi 24 tangu uchaguzi, wala katika miezi 12 ya mwisho. Lilihitaji kwanza uamuzi wa Mahakama Kuu kwamba sababu zipo. Kisha lilihitaji saini za asilimia 30 ya waliosajiliwa katika eneobunge, na zisipungue asilimia 15 katika zaidi ya nusu ya wadi. Saini zote zikusanywe ndani ya siku 30. Aliyegombea akashindwa hakuruhusiwa kuanzisha ombi.

Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha sehemu kubwa ya vifungu hivyo kwa sababu viliinyonga haki ambayo Katiba imeitoa. Kilichobaki ni haki isiyo na utaratibu unaotekelezeka, na tangu Katiba ya 2010 ipite hakuna mbunge hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hii. Anayepita nyumba kwa nyumba na daftari la saini za kumng'oa mbunge anawachosha watu bure. Kwa mwakilishi wadi (MCA) hali ni tofauti: Sheria ya Serikali za Kaunti ilirekebishwa 2020 na utaratibu upo, kwa saini za asilimia 30 ya waliosajiliwa katika wadi.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Kiti cha ubunge kikibaki wazi kwa sababu yoyote, uchaguzi mdogo hufanywa ndani ya siku 90 tangu kiti kiwe wazi. Maana yake yule mnayemuogopa ndiye atakayekuwa wa kwanza mlangoni, akiwa na pesa na watu tayari. Kwa gavana mambo ni kinyume. Gavana akitimuliwa, naibu wake ndiye anayerithi kiti. Hoja inahitaji theluthi mbili ya wawakilishi wadi wote, kisha Seneti iithibitishe. Ferdinand Waititu wa Kiambu aliondolewa Januari 2020 na Mike Sonko wa Nairobi Desemba 2020, na mpinzani wao wa uchaguzi hakupata kiti kwa sababu hiyo. Kwa hiyo anayeogopa mpinzani wa gavana ana nafasi ya kudai gavana aondolewe bila kumfungulia mpinzani mlango. Kwa mbunge nafasi hiyo haipo.

Karani_wa_Hesabu

Mimi nitajibu la kura iliyoharibika na la mgombea wa tatu, maana ni hesabu moja.

Mbunge huchaguliwa kwa wingi wa kawaida: anayeongoza anachukua, hata kwa kura moja, hata akiwa na asilimia 30 tu. Hakuna duru ya pili. Chukua mfano huu wa kubuni. Mwaka 2022 aliyepo alipata 21,000, mpinzani 17,000, wengine 2,000. Sasa, kuvunjika moyo hakugawanyiki sawasawa. Waliompigia mpinzani hawakuahidiwa chochote na aliyepo, kwa hiyo hawajavunjika moyo, na wale 17,000 watarudi. Wanaobaki nyumbani ni wale wa aliyepo. Wakibaki 5,000, yeye anabaki na 16,000, na mpinzani anashinda bila kuongeza hata kura moja. Wale 5,000 wakiharibu karatasi, matokeo ni yale yale. Karatasi iliyoharibika hurekodiwa kama kura iliyokataliwa kwenye Fomu 35A ya kituo na haiingii katika mgawo wa mgombea yeyote. Hakuna kiwango cha kura zilizoharibika kinachofuta uchaguzi.

Wakimpa wa tatu hao 5,000, bado mpinzani anashinda. Ili wa tatu ashinde kwa kuwanyang'anya watu wa aliyepo na wale 2,000 peke yao, lazima apate 17,001 kati ya 23,000, yaani karibu robo tatu. Hapo ndipo wengi hufeli: wanamleta mtu mzuri anayependwa na wale wale waliochoka, na hana kitu kwa watu wa upande wa pili. Lakini akiweza kung'oa 3,000 kutoka kwa mpinzani, mpinzani anashuka hadi 14,000, na wa tatu anahitaji 11,001 tu kati ya wale 23,000. Kwa hiyo swali la kumuuliza mgombea wa tatu ni hili: katika vituo ambavyo mpinzani aliongoza 2022, una nani? Tafuteni Fomu 35B ya eneobunge lenu, inayoorodhesha kila kituo, mhesabu kituo kwa kituo. Msiamini ukubwa wa mikutano.

Kwa rais hesabu inageuka kabisa, na ni kosa kutumia mantiki moja kwenye karatasi ya kijani ya mbunge na ile nyeupe ya rais. Rais anahitaji zaidi ya nusu ya kura pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24, la sivyo duru ya pili hufanywa ndani ya siku 30. Mwaka 2022 William Ruto alipata 7,176,141 (asilimia 50.49) na Raila Odinga 6,942,930 (asilimia 48.85). Ukijumlisha kura halali zote, Ruto aliivuka nusu kwa takriban kura 70,000 tu. Siku hiyo hiyo karatasi zaidi ya 113,000 zilikataliwa. Tangu 2013 Mahakama ya Juu imeshikilia kwamba kura zilizokataliwa haziingii katika kukokotoa asilimia. Anayeharibu karatasi ya rais anapunguza idadi ambayo nusu yake inatafutwa, na kwa kufanya hivyo anamrahisishia anayeongoza kuivuka. Anayempa mgombea mdogo anafanya kinyume, anaisogeza duru ya pili karibu. Kwenye urais, basi, kura ya wa tatu ina kazi hata asiposhinda. Kwenye ubunge ina kazi pale tu anapoweza kushinda.

Pwani_ya_Kusini

Ndugu zangu, naomba kuongeza kutoka Tanzania. Huku mgombea binafsi haruhusiwi, ni lazima udhaminiwe na chama, kwa hiyo kura za maoni ndani ya chama ndizo zinazoamua mengi. Ninyi mnaruhusu mgombea huru. Masharti yake ni yapi, na je akishinda anaweza kufanya kazi?

Msomi_wa_Mchujo

Shukrani ndugu wa Pwani ya Kusini, swali lako ndilo lenye uzito kuliko yote hapa. Mwenyeji anauliza afanye nini Agosti, na kufikia Agosti karatasi imeshachapishwa. Uamuzi wa kuwekewa mbaya na mbaya zaidi hufanywa kwenye mchujo, yaani kura za maoni za chama, miezi minne kabla. Mwaka 2022 uchaguzi ulikuwa 9 Agosti, na vyama vilifanya mchujo mwezi Aprili. Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Anayetaka jina tofauti kwenye karatasi ana mpaka mwanzoni mwa 2027 kuwa amejipanga, na hapo hajachelewa sana.

Hatua zenyewe. Kwanza jua uko chama gani. Watu wengi walijikuta wamesajiliwa katika vyama wasivyovijua. Piga *509# au ingia kwenye ukurasa wa Msajili wa Vyama kupitia eCitizen, ujiondoe au ujisajili. Fanya hivyo kabla ya vyama kuwasilisha orodha za wanachama, kwa sababu chama kinachotumia orodha hiyo mchujoni kitakurudisha nyumbani usipokuwemo. Katika ngome ya chama kimoja, mchujo ndio uchaguzi wenyewe, na watu wanaojitokeza huwa wachache kuliko wa Agosti. Kura yako ya Aprili ina uzito mara kadhaa kuliko ile ya Agosti.

Pili, uliza mapema chama kitatumia njia gani. Tangu Sheria ya Vyama vya Siasa irekebishwe 2022, chama kinaweza kuwatumia wajumbe badala ya wanachama wote. Kikichagua wajumbe, vita viko kwenye uchaguzi wa wajumbe wa wadi, ambao hufanyika kimya kimya. Halafu kuna tikiti ya moja kwa moja, inayotolewa kwa jina la "makubaliano". Ikitolewa, malalamiko huanzia kwenye jopo la ndani la chama, kisha Mahakama ya Mizozo ya Vyama vya Siasa. Ukiruka jopo la ndani, kesi hutupwa kabla ya kusikizwa. Wengi wameangukia hapo.

Tatu, mgombea huru. Asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Kwa 10 Agosti 2027, awe ametoka kufikia 9 Mei, na awe na thibitisho la Msajili mkononi. Hapa pana mtego: aliyeshindwa mchujoni mwishoni mwa Aprili ana siku chache mno, na mchujo ukisogezwa hadi Mei mlango umefungwa. Awe na wafuasi 1,000 waliosajiliwa katika eneobunge. Kusanyeni 1,500, kwa sababu nambari za vitambulisho hukosewa, wengine wamesajiliwa kwingine, na wengine wameshatia saini kwa mgombea mwingine. Ada ya tume ya uchaguzi (IEBC) kwa ubunge ilikuwa shilingi 20,000 mwaka 2022, na 10,000 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Je, anaweza kufanya kazi? Mbunge huru anaweza, kwa kuwa anahitaji zaidi ofisi, kamati na uhusiano mwema. Gavana huru ni shida, na Meru imeonyesha kwa nini. Kawira Mwangaza alishinda ugavana 2022 akiwa huru, akamshinda aliyekuwa madarakani, Kiraitu Murungi, na pia Mithika Linturi wa chama cha UDA. Hakufika nusu ya kura, lakini wingi wa kawaida ulimtosha. Kisha akaingia kwenye bunge la kaunti ambamo hakuna chama kilichokuwa chake. Wawakilishi wadi walipitisha hoja ya kumtimua Desemba 2022, wakarudia Oktoba 2023, wakarudia tena Agosti 2024, na ile ya tatu Seneti ikaithibitisha. Sisemi alikuwa sahihi au alikosea. Nasema waliomtaka gavana wa tatu walisahau kuwachagua wawakilishi wadi wa kwenda naye. Mgombea huru wa ugavana asiyekuwa na orodha ya wagombea wa wadi asitiwe saini hata moja.

Bi_Kumbukumbu

Nakubaliana na wengi, ila na Msomi nina hoja moja. Anaandika kana kwamba hofu juu ya mpinzani tumeshaithibitisha. Anayefaidika na hofu hiyo kuliko wote ni mbunge aliyepo, na akishajua kwamba mtampigia hata akifunga ofisi, hana sababu ya kuifungua. Hofu ipimwe kwa karatasi kabla ya kutumiwa kama sababu.

Wote wawili, aliyepo na wa zamani, wana kumbukumbu za umma. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua hazina ya NG-CDF, yaani fedha za maendeleo ya eneobunge, eneobunge kwa eneobunge. Mwaka wa fedha huisha 30 Juni, na Katiba inampa miezi sita kutoa ripoti. Chukueni miaka mitano ya huyu na mitano ya yule, msome sehemu ya sababu za maoni ya mkaguzi, si ukurasa wa kwanza pekee. Tafuteni mambo matatu: miradi iliyolipiwa na haipo mahali pake, basari zisizo na barua za shule kukiri kupokea, na malipo yasiyo na stakabadhi. Kasoro ya uandishi wa vitabu si sawa na darasa lililolipiwa na halikujengwa, ingawa mikutanoni yote huitwa wizi.

Bungeni nako kuna Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala. Kura za majina huonyesha kila mbunge alipiga vipi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipita hatua ya pili 20 Juni kwa kura 204 dhidi ya 115, na jina la mbunge wenu liko upande mmojawapo, au hakuwepo. Mzalendo Trust, shirika linalofuatilia Bunge, hutoa alama za wabunge kila mwaka, zinafaa, lakini zinahesabu sana mara za kuzungumza. Mbunge anaweza kusema mara 60 bila kusema kitu.

Kuhusu uwanja wa shule: swali ni nani aliidhinisha na nani alinufaika. Mbunge hatii saini hatimiliki. Tafuteni rekodi za ardhi, muone kama jina lake, la kampuni yake au la mtu wake wa karibu limo. Likiwemo, hofu ina msingi na liende kwa tume ya kupambana na ufisadi (EACC) likiwa na nakala. Lisipokuwemo, semeni wazi kwamba halijathibitishwa. Na mkishangaa kwa nini mwenye kesi bado yuko kwenye karatasi: Katiba inamzuia aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi, lakini zuio halianzi mpaka rufaa zote ziishe, na rufaa huchukua miaka.

Kuhusu vijana wa kukodiwa, Kanuni za Maadili ya Uchaguzi zinaipa IEBC uwezo wa kuonya, kutoza faini, kumzuia mgombea kufanya kampeni, hata kumwondoa. Malalamiko hufeli kwa sababu ya ushahidi hafifu. Video iwe na tarehe na mahali panapotambulika, ripoti iwe na nambari ya OB (kitabu cha matukio) ya kituo cha polisi siku ile ile, na shahidi awe tayari kuja mwenyewe.

Mwenyeji_wa_Wadi

Dada na ndugu, ahsanteni mno, nimepata kuliko nilivyoomba. Bado moja linanikera. Tuseme mchujo umeshapita, ripoti zimesomwa, wa tatu hana vituo upande wa pili, na kwenye karatasi yamebaki yale majina mawili. Hapo mpigakura aliyechoka afanyeje?

Karani_wa_Hesabu

Hapo apige kura, na atenganishe karatasi zake sita. Ufaransa 2022 wapigakura wengi wasiompenda Emmanuel Macron walimpa kura Aprili ili kumzuia Marine Le Pen, akashinda kwa asilimia 58.55. Juni, kwenye uchaguzi wa wabunge, wakamnyima wingi kamili wa viti 289 kati ya 577. Kura ya kwanza ilizuia hatari na ya pili ikamfunga breki yule waliyemuokoa. Sisi tunapiga zote siku moja, lakini karatasi ni tofauti. Anayelazimika kumrudisha gavana asiyemridhisha achague mwakilishi wadi asiye mtu wake, kwa sababu bila theluthi moja ya wawakilishi wadi hoja ya kumtimua haianzi, na bila theluthi mbili haipiti.

Bi_Kumbukumbu

Kwa mbunge hakuna breki ya namna hiyo, kwa hiyo kigezo changu ni madhara yapi yanarekebishika. Basari iliyogawiwa kwa upendeleo mwaka huu inaweza kugawiwa kwa haki mwakani. Uwanja ulioandikiwa mtu binafsi hudaiwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwa miaka, na watoto wanamaliza shule kesi ikiendelea. Mkutano uliovunjwa kwa rungu unawafundisha watu kunyamaza, na hilo halirudishwi na mahakama. Kama ripoti zimethibitisha hofu, mpeni aliyepo, na msimpe kimya.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, muda unaoweza kuongezwa mara moja tu kwa siku 14. Andikeni kwa meneja wa hazina ya NG-CDF wa eneobunge. Msiombe "taarifa zote", maana hapo ndipo maombi hukwama. Ombeni basari za mwaka wa fedha mmoja kwa shule, kiasi na nambari ya hundi, bila majina ya wanafunzi ili wasijifiche nyuma ya faragha. Ombeni orodha ya miradi yenye jina la mkandarasi, kiasi kilichoidhinishwa na kilicholipwa, na kumbukumbu za kikao kilichoidhinisha. Wakinyamaza, malalamiko yaende kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki katika Utawala. Barua ya kwanza ipelekwe wiki ile ile anayoapishwa, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki kwenu, kwa sababu zile siku 21 mtazihesabu kutoka tarehe ya muhuri huo.